Kupima Mahali pa Pamoja Katika Makao ya Shirika



Jioni hii tumekuja na jambo la ujenzi, lakini si la saruji wala la mabati. Ni jambo la hesabu na la ujirani pamoja. Watu wa kaya kadha wakikubaliana kununua kiwanja kimoja na kukaa humo, kila kaya na mlango wake, vyumba vyake na ufunguo wake, lakini wakataka pia kuwa na mahali pao wote, kama vile ua, jiko la shughuli, au ukumbi wa kukutania, je, mahali hapo pawe na ukubwa gani? Makao ya namna hiyo tutayaita makao ya shirika. Nasi tumeona kwamba swali hili, ingawa laonekana dogo, laweza kuwatenganisha watu wa shirika kabla ukuta wa kwanza haujasimama.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mtu akikosea ukubwa wa chumba chake mwenyewe, hasara ni yake. Lakini mahali pa wote pakikosewa, hasara huingia kila mlango. Pakiwa padogo mno, watu hugombana. Pakiwa pakubwa mno, fedha zilizokuwa za kupaulia vyumba huzama katika msingi wa ukumbi ambao hautakwisha. Na katika makosa hayo mawili, la pili ndilo lililo rahisi zaidi kulitenda, maana kwenye mkutano kila mtu huwa mkarimu. Huyu huuliza, “Je, siku ya arusi ya binti yangu?” Yule huuliza, “Je, siku ya msiba?” Wa tatu hukumbuka Maulidi, na wa nne hukumbuka Krismasi. Basi ukumbi hukua kwa maneno, futi kumi kila mkutano, na hata mfuko mmoja wa saruji haujanunuliwa.

Sisi twasema kwamba mahali pa pamoja papimwe kwa siku ya kawaida na kwa saa yenye watu wengi katika siku hiyo, wala pasipimwe kwa siku kuu. Tutaeleza kwa nini.

Tuanze na nyumba ambayo Dar es Salaam nzima inaijua, yaani nyumba ya Kiswahili. Umbo lake ni moja, ukiitazama Ilala, Temeke, Magomeni au Mwenge. Mbele pana baraza. Ukiingia mlango mkubwa unakuta korido ndefu inayokwenda moja kwa moja hadi nyuma, na vyumba sita, vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto. Mwisho wa korido ni ua wenye ukuta, na uani ndimo mlimo jiko, choo, bafu na stoo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vingine hupangisha. Kwa hiyo watu wa makabila mbalimbali na dini mbalimbali, wasiojuana jana, leo huteka maji katika pipa moja.

Sasa chukueni kalamu, tupime. Tuseme kila chumba ni futi 10 kwa 10. Vyumba sita ni futi za mraba 600. Korido, ikiwa na upana wa futi 5 na urefu wa futi 30, ni futi za mraba 150. Upana wa nyumba nzima ni futi 25, na ua ukienda nyuma futi 20, basi ua pamoja na vijumba vyake ni futi za mraba 500. Jumlisheni korido na ua: 650. Hata baraza hatujaihesabu. Kumbe katika nyumba hii mahali pa wote ni pakubwa kuliko vyumba vyote sita vikiunganishwa! Wengi wetu tumekua katika nyumba kama hizo bila kulitambua jambo hilo, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwamba pale uani na koridoni tulikuwa tumekaa katika zaidi ya nusu ya nyumba.

Na mbona mahali pote hapo hapakuonekana kuwa hasara? Kwa sababu kila hatua yake ina kazi. Korido ni njia, tena ni mahali pa upepo wakati wa joto la Januari. Ua ni pa kupikia, kufulia, kuanika, kusuka nywele, na kulaza mtoto mkekani. Baraza ni pa wazee na wageni ambao si watu wa kuingizwa ndani. Tena angalieni kwamba sehemu kubwa ya mahali hapo haina paa. Ua ni ardhi na ukuta tu. Futi moja ya ua ni rahisi mno kuliko futi moja ya ukumbi wenye msingi, zege, mbao, bati, madirisha na taa. Watu wakisema “mahali pa pamoja” kana kwamba ni kitu cha aina moja, huanza kukosea papo hapo.

Sisi wenyewe, tulipoanza kazi ya ualimu, tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya namna hiyo pale Mwenge, mwendo mfupi kutoka kwa wachonga vinyago. Tulikuwa kaya sita. Jiko la uani lilikuwa na futi 8 kwa 6, na kila kaya ilikuwa na jiko lake la mkaa. Mchana jiko lile lilikuwa tupu, paka akilala humo. Lakini ilipofika saa kumi na mbili jioni, majiko sita yalitaka kuingia pamoja, na moshi, na sufuria, na watoto miguuni. Mvua ikinyesha, wanawake walikimbilia koridoni na majiko yao, na hapo ndipo maneno makali yalipozuka. Wengine wetu tukataka mwenye nyumba abomoe jiko ajenge kubwa zaidi, hata kama kodi ingepanda. Palikuwa na mama mmoja, mkubwa wetu wote mle ndani, aliyekataa. Akatuambia, “Mwalimu, ua huu unatutosha. Haututoshi saa moja tu.”

Tulicheka, lakini alikuwa amefanya hesabu kuliko sisi tuliofundishwa hesabu. Jiko halikuongezwa. Paliongezwa paa jembamba la bati kando ya ukuta wa ua, upana wake futi 4 na urefu futi 25, na chini yake hakuna ukuta wala sakafu mpya. Wenye watoto wadogo wakaafikiana kupika kwanza. Ugomvi wa mvua ukaisha kwa futi za mraba 100 za bati. Hatujasahau somo hilo, na tangu siku ile mtu akituambia kwamba mahali fulani hapatoshi, swali letu la kwanza ni hili: hapatoshi saa ngapi?

Basi hilo ndilo jambo la kwanza la kufanya katika shirika lolote. Kabla ya kuchora ramani, andikeni saa za siku kutoka alfajiri hadi usiku, na mbele ya kila saa mwandike ni watu wangapi watakuwa mahali pa pamoja na wanafanya nini. Alfajiri, watu wawili wanafagia. Saa tatu, wamama wanne wanafua. Saa nane, watoto kumi wametoka shule. Magharibi, wapishi sita. Usiku, wazee watano na redio yao. Ile saa yenye watu wengi kupita nyingine ndiyo kipimo chenu. Na mkiona kwamba saa hiyo yaweza kugawanywa kwa zamu, igawanyeni kwanza, ndipo mpime.

Sasa hebu tujibu swali la arusi na msiba, maana tukiliacha hamtatusikiliza tena. Arusi ya Dar es Salaam yaweza kuleta watu mia tatu. Msiba nao hauna kadi za mwaliko. Watu huja tu, nao hukaa siku tatu au zaidi. Je, mtajenga ukumbi wa watu mia tatu kwa ajili ya siku chache katika mwaka, na siku nyingine zote uwe wa popo? Watu wa mji huu wamekwisha kulijibu swali hilo zamani, bila kuandika kitabu. Siku ya shughuli hukodiwa turubai na viti, njia huzibwa kwa muda kwa idhini ya serikali ya mtaa, majirani hutoa vyumba vyao kwa wageni wa mbali, na mapipa ya maji hupangwa uchochoroni. Siku ya nne turubai hufunguliwa, na mtaa hurudi kuwa mtaa. Siku kuu huazima mahali. Kwa hiyo kinachotakiwa katika makao ya shirika si ukumbi mkubwa, bali uwazi ambao turubai laweza kusimama, lango pana la kupitisha gari la viti, na mfereji wa maji ulio karibu. Vitu hivyo ni rahisi, lakini visipofikiriwa mapema haviwezekani tena, maana mtu akisha kupanda ukuta katikati ya kiwanja hakuna wa kumwambia aubomoe.

Jambo la pili ni kwamba mahali pa pamoja pasiwe pamoja mno. Mtatuwia radhi kwa usemi huo. Tunataka kusema kwamba ua wa kaya sita unafagiwa, na ua wa kaya sitini haufagiwi. Katika ile nyumba yetu ya Mwenge zamu ya ufagio iliandikwa kwa chaki juu ya mlango wa stoo, na kila mtu alijua leo ni nani. Futi 500 za mraba mtu mmoja huzifagia kabla jua halijapanda. Mkiufanya ua mara kumi, zamu humwogopesha kila mtu, na baada ya miezi miwili kila mmoja husubiri mwenzake aanze. Tena uani kwa watu sita mama anamjua kila anayeingia, na mtoto wake anacheza bila hofu. Uani kwa watu sitini mgeni hupita kama njiani.

Katika nchi za mbali watu wamelijaribu jambo hili kwa makusudi. Denmark, nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya, ndiko lilikojengwa kundi la nyumba 27 liitwalo Sættedammen mwaka 1972, ambapo kila familia ina nyumba yake kamili na wote wana nyumba moja ya pamoja ya kulia chakula na kukutana. Miaka michache baadaye, mwaka 1978, ukakamilika mtaa mwingine uitwao Tinggården, wenye karibu nyumba 80, nao ni wa kupanga. Huko mambo mawili yanatufaa. La kwanza, hawakuziweka nyumba zote kuzunguka mahali pamoja. Walizigawa katika mafungu sita, na kila fungu likapewa nyumba yake ndogo ya pamoja, ndipo ikawako na moja kubwa zaidi ya mtaa mzima. La pili ni namna walivyopata eneo la nyumba hizo za pamoja: kila nyumba ilipunguzwa sehemu moja katika kumi ya ukubwa wake, na sehemu hizo ndizo zilizokusanywa.

Sisi twaipenda njia hiyo ya kumi kwa moja, si kwa kuwa ni ya Ulaya, bali kwa kuwa inamwonyesha kila mtu gharama yake kwa macho. Mtu akiulizwa, “Unataka ukumbi?” atasema ndiyo. Akiulizwa, “Unataka ukumbi hata chumba chako kipungue futi moja upande huu?” hapo atafikiri, na jibu lake litakuwa la kweli.

Tufanye mfano. Tuseme kaya nane zimenunua kiwanja huko Temeke, na kila moja ilikusudia kujenga futi za mraba 600. Jumla ni 4,800. Sehemu moja ya kumi ni 480. Hizo ndizo za mahali pa pamoja penye paa. Je, zatosha nini? Mtu aliyeketi kitini mbele ya meza, pamoja na nafasi ya kupita nyuma yake, huchukua kama futi za mraba 15. Tukitenga futi 160 za mraba kwa jiko na stoo, hubaki 320, yaani ukumbi wa futi 20 kwa 16. Gawanyeni kwa 15: watu 21. Kaya nane zenye watu watano watano ni watu 40. Mtu atapiga kelele hapo, “Nusu yetu tutakaa wapi?”

Ngojeni. Ondoeni meza, tandikeni mikeka. Watu watano wakizunguka sinia moja hutosheka na mraba wa futi 6 kwa 6. Katika ukumbi ule ule wa futi 20 kwa 16 huingia masinia sita bila kubanana, na hivyo watu 30. Waliobaki kumi ni masinia mawili, nayo hukaa barazani mbele ya mlango, ikiwa baraza ina upana wa futi 6. Kwa hiyo ukubwa wa ukumbi hautegemei idadi ya watu peke yake. Wategemea jinsi wanavyoketi. Anayenakili ramani kutoka kitabu cha nchi ya viti na meza hujenga mara mbili ya anachohitaji, au hujikuta amewafukuza bibi zetu wasiopenda viti.

Lakini tumesema kwamba kila kaya itoe sehemu moja ya kumi, na hapa pana hatari ambayo hatutaki kuipita mbio. Katika kaya zile nane huenda mmoja anajenga futi 1,200, na mwingine, labda mjane mwenye watoto wawili, anajenga chumba kimoja cha futi 120. Akitoa sehemu ya kumi, mjane hutoa futi 12, yaani mahali pa kuweka kitanda cha mtoto. Tajiri hutoa 120, na hata haoni kilichopungua. Fungu ni sawa, maumivu si sawa. Tena aliye na chumba kimoja ndiye atakayeutumia ukumbi kuliko wote, kwa kuwa mtoto wake hana meza ya kusomea nyumbani. Twaona ni haki aliye chini ya kipimo fulani, mtakachokikata ninyi wenyewe, asitoe kitu katika vyumba vyake, bali wenye nafasi wachangie zaidi, na jambo hilo liandikwe katika katiba ya shirika tangu siku ya kwanza. Likiachwa kwa huruma tu, huruma huchoka. Sheria ya mwaka 2008 ya Tanzania juu ya umiliki wa sehemu za majengo inatambua kwamba jengo lenye wenyewe wengi lina mali ya pamoja, na kwamba wenye sehemu huwa na chama cha kuitunza. Someni au msomewe kabla ya kutia sahihi.

Huenda msikilizaji atauliza kama watu wa hali ya chini wamepata kujaribu jambo hili hapa kwetu. Wamejaribu. Katika kata ya Kurasini, jirani ya bandari ya Dar es Salaam, maelfu ya watu walitakiwa kuhama ili bandari ipanuliwe, katika miaka ya kabla ya 2010. Baadhi yao walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba. Wakaunda chama cha ushirika wa nyumba kiitwacho Muungano, wakanunua ekari 30 huko Chamazi, upande wa Temeke, kwa shilingi milioni 24. Maana yake shilingi laki nane kwa ekari. Waliokuwa wapangaji wa chumba kimoja wakawa wenye ardhi pamoja.

Tunayojifunza kwao ni mawili. Nyumba zao zilichorwa ili zikue: mtu aanze na sehemu ndogo, aingie akae, kisha aongeze chumba fedha zikipatikana. Na walipofikiria vitu vya pamoja, walivitanguliza vile ambavyo mtu mmoja hawezi kujipatia hata akiwa na bidii, yaani kisima kirefu cha maji na mahali pa kusafishia maji machafu kwa njia ya matete na changarawe. Vitu vya namna hii havipimwi kwa kura wala kwa saa ya jioni. Hupimwa kwa ndoo. Mkihesabu ndoo pungufu, maji hukatika. Mkihesabu maji machafu pungufu, yatarudi uani. Kwa hiyo katika orodha ya mahali pa pamoja tangulizeni maji na choo, kisha kivuli, kisha ukumbi. Na ukumbi wenyewe ujengwe kama nyumba za Chamazi, uweze kukua: acheni upande mmoja usio na choo wala jiko, ili siku ya kuongeza mvunje ukuta mmoja tu.

Kivuli tumekitaja upesi, na hakistahili kupitwa hivyo. Nendeni pale Mwenge mkawatazame wachonga vinyago. Duka la kila mmoja ni jembamba, limejaa mpingo mpaka mlangoni, nalo ni lake peke yake kwa sababu mali imo ndani na bei ni siri yake. Lakini kazi ya tezo na patasi hufanyika nje, chini ya vibanda na miti, watu wengi wakiwa pamoja, kwa sababu vumbi na kelele havitaki chumba, na mikono hujifunza kwa kuitazama mikono mingine. Hapo utaona mpaka uliokatwa vizuri kati ya cha mtu na cha watu. Watu wa makao ya shirika nao wajiulize: kazi gani zinafurahia kuonekana, na kazi gani zataka mlango ufungwe? Kufua, kusuka, kusoma gazeti, kutengeneza baiskeli, hizo ni za kivulini. Kuhesabu fedha, kuugua, kugombana na mume au mke, hizo ni za chumbani. Shirika linalovipunguza vyumba mpaka mtu hana mahali pa kugombana kwa sauti ya chini litakuwa na kelele siku zote.

Kuna jambo lingine ambalo wachoraji ramani husahau, nalo ni kwamba ua na baraza si kitu kimoja. Katika nyumba zetu za pwani uani ni pa wanawake na watoto, na barazani ni pa wanaume na wageni. Mkivichanganya vyote viwili mkajenga ukumbi mmoja mkubwa katikati, mtaona ajabu: wanaume watakaa humo, na wanawake watarudi kupika nyuma ya nyumba palipo na jua. Futi zile zile 480 mkizigawa mahali pawili, pamoja kwa nyuma na pamoja kwa mbele, zitatumika mara mbili. Twajua wako watakaosema desturi hiyo inabadilika. Labda, ila wanawake wenyewe waulizwe, tena waulizwe wakiwa peke yao, si mbele ya mkutano.

Na mahali penyewe pawe njiani. Katika nyumba ya Kiswahili hakuna awezaye kufika chumbani mwake bila kupita koridoni, kwa hiyo hata mtu mkimya husema “Hodi” na “Shikamoo” mara nne kwa siku. Ukumbi uliojengwa pembeni mwa kiwanja, kwa kuwa pale ndipo palipobaki, huhitaji mtu akusudie kwenda. Na mtu aliyechoka hakusudii. Ukumbi mdogo ulio kati ya lango na milango utajaa kila jioni.

Jambo hili ni gumu zaidi mahali ambapo majengo yanapanda juu, nasi hatutajifanya kuwa na dawa yake yote. Unguja, katika majengo marefu ya Michenzani yaliyoanza kujengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, watu waliotoka katika nyumba za udongo zenye nyua zao walipewa milango ghorofani. Magomeni nako, mahali palipokuwa na nyumba za chini za kota, yamesimama majengo ya ghorofa kwa ajili ya kaya 644, yaliyofunguliwa Machi 2022. Ardhi ya mji ni ghali, na kupanda juu ni lazima kwa wengi. Lakini anayechora ngazi akumbuke kwamba ndiyo korido mpya. Akiipa upana wa futi mbili zaidi na benchi ya zege penye dirisha, mama mwenye kikapu cha soko atapumzika hapo, na mwenzake atamkuta.

Sasa mkiisha kuhesabu haya yote, na kabla fundi hajachimba msingi, fanyeni jambo moja la mwisho ambalo halina gharama. Nendeni kiwanjani Jumamosi jioni, watu wote wa shirika pamoja na watoto. Chukueni kamba na majivu, mchore juu ya ardhi ukumbi wenu wa futi 20 kwa 16, jiko, baraza na ua, kila kitu kwa kipimo chake cha kweli. Tandikeni mikeka ndani ya mistari hiyo. Leteni masinia, pikeni pale pale, mle. Mwacheni mzee aketi barazani aone kama anaona lango. Mwacheni mama apite na sufuria ya moto kutoka jikoni mpaka ukumbini, ahesabu hatua zake. Watoto wakimbie, muone wanakimbilia wapi. Jua likizama, ulizaneni ni nani aliyekosa mahali pa kukaa, na ni upande gani hakuna aliyeugusa. Upande usioguswa, futeni majivu yake kwa mguu, na futi hizo mzirudishe katika vyumba.